Magunia Kumi na Nane ya Kwenda Bugeshi

Walisema sitafika hata kona ya kwanza. Kalisa, karani wa komini, alisema ile karavani itaishia kuwa banda la kuku, na kwamba kila asubuhi nitavaa tai yangu ya chuo nikaokote mayai. Mama Zuhura, aliyenipangisha chumba kwake Nengo, alisema mtu aliyeingia Gisenyi na sanduku moja na karatasi moja yenye muhuri hawezi kuwa na nyumba ya magurudumu kabla hajawa na godoro. Na Masumbuko, fundi wa Goma, hakutabiri lolote. Alisoma hesabu yangu, akajifuta mikono, akaniuliza swali moja nililolicheka. Masumbuko tulimzika mwezi uliopita. Jeneza lake lilibebwa na pikapu yangu, kubwa kuliko zote saba nilizo nazo leo, na niliiendesha mwenyewe kwa gia ya pili kutoka gereji yake hadi makaburini. Nilikuwa nawaza mwaka 1999, mwaka ambao mzee yule aliniuzia gari mbili ndani ya wiki moja.

Habari za wazazi wangu na za maisha yetu Tanzania si za hapa. Inatosha kusema kwamba nilirudi na diploma ya ufundi wa magari, daraja la kwanza, na sioni kwa nini nilifiche hilo. Waliokuwa na karatasi kama ile Gisenyi nzima niliwahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na vidole vilibaki. Watu waliacha kuniita kwa jina, wakaniita Diplome. Wengine walinicheka kwa jina hilo, lakini mimi nililiitikia kama cheo. Karavani niliipata kwa kazi ya mikono yangu. Wageni waliokuja kupima barabara walikuwa na jenereta iliyowashinda mafundi watatu. Niliifungua, nikaifunga, ikawaka. Walipoondoka walikuwa wameishiwa fedha za kunilipa, wakaniachia ile nyumba yao nyeupe yenye kitanda, bomba la maji, jiko la gesi na dirisha lenye pazia. Ilisimama uani kwa Mama Zuhura, chini ya kamba ya nguo, na vitenge alivyovusha kila siku kutoka Goma kupitia mpaka wa Petite Barrière vilikauka juu ya paa lake.

Chumba changu kilikuwa na dirisha dogo lililotazama meza ya kulia, na chakula cha pale nakikumbuka kuliko cha harusi yangu: chai ya maziwa yenye tangawizi, viazi vitamu, na sambaza, yaani dagaa za ziwani, zilizokaangwa mpaka zikakauka kama majani. Kalisa alikuja kunywa chai pale kila asubuhi kabla ya kwenda ofisini. Siku moja, nikiwa bado nafunga kamba za viatu, nilimsikia akimwambia Mama Zuhura kwamba kituo cha afya cha Bugeshi kimefunguliwa upya lakini nyumba ya muuguzi iliungua wakati wa vita, na kujenga nyingine kutachukua mwaka.

"Munganga anasema bila nyumba hapandi kule," alisema Kalisa. "Na wamama wanazalia njiani. Juzi moja amezalia katikati ya viazi, mvua inamunyeshea."

"Basi mupangishie ya Diplome," alisema Mama Zuhura, na nikasikia kikombe kikiwekwa. "Si iko na miguu?"

Walicheka. Mimi sikucheka. Nilitoka na kiatu kimoja nikamwambia Kalisa aandike mkataba. Aliandika, kwa mzaha kwanza, kisha kwa muhuri: komini itaipanga karavani yangu kwa mwaka mzima, mradi iwe imesimama kwenye uwanja wa kituo cha afya Bugeshi kabla ya saa sita mchana siku ya Jumamosi ya wiki iliyofuata. Ikichelewa, mkataba hauna kazi. Muuguzi mwenyewe, Spesiyoza, alikuja kuitazama. Alikuwa mwanamke mwembamba aliyekulia Masisi, mwenye macho ya mtu aliyezoea kuhesabu mapigo ya moyo ya wengine. Alifungua bomba, akalifunga, akajilaza kitandani huku viatu vikining'inia nje ya godoro.

"Hapa naweza lala," alisema. "Lakini Kigali wananingoja kwa kazi. Jumamosi kama hii haiko juu, mi nashuka na basi ya saa nane."

Kwa hiyo nilihitaji kitu kimoja tu, gari la kuivuta. Mama Zuhura alinikopesha sehemu kubwa ya mtaji wake wa vitenge, akiwa amenuna. Kalisa alinikopesha mshahara wa miezi miwili. "Nakukopesha," aliniambia, "ili nikicheka, nicheke kwa mali yangu." Kwa fedha hizo nilivuka mpaka hadi gereji ya Masumbuko, ambako kulikuwa na pikapu mbili za kuuzwa. Moja ilikuwa ndogo, nyekundu, ya petroli, imepigwa rangi juzi, na kijitabu chake kilikuwa bado ndani ya mfuko wa plastiki. Nyingine ilikuwa ndefu, ya dizeli, yenye mlango mmoja wa rangi tofauti, springi nene kama mkono wangu na sauti ya mashine ya kusaga mahindi. Ile kubwa ilizidi fedha niliyokuwa nayo kwa karibu nusu. Lakini naapa sikuchagua kwa bei. Nilichagua kwa hesabu, na hilo ndilo linalouma. Kibati kwenye karavani, nilichokinakili kwenye daftari, kilisema kilo mia tisa. Kijitabu cha pikapu nyekundu kilisema inaweza kuvuta kilo elfu moja na mia mbili. Nilimweleza Masumbuko vilivyomo ndani na kwamba muuguzi anahamia nayo Bugeshi, kisha nikamwonyesha mistari yote miwili kwa kidole, taratibu, kama mwalimu.

Alisoma huku akijifuta mikono. Masumbuko hakuwa mtu wa kilo. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi na malori ya viazi, na kwake uzito wowote, hata wa mkwewe, ulipimwa kwa magunia ya kilo mia mia.

"Tisa," alisema. "Na hii ndogo, kumi na mbili. Bon. Ile kubwa inavuta makumi mbili na tano bila kulia." Kisha akaniuliza lile swali. "Diplome, ile kitu yako ni gari ao ni nyumba?"

"Ni trela, mzee. Darasa la magari mepesi."

"Mi nauliza sababu gari watu wanaipandaka. Nyumba watu wanaitembeleaka."

Nilicheka, nikalipa, nikaondoka na ile nyekundu. Hakunizuia. Alinifungia chuma cha kukokotea bila malipo, na nilipogeuza gari kutoka uani nilimwona kwenye kioo akiandika kitu ukutani kwa chaki. Nilidhani ni orodha ya vipuri.

Jumatano niliijaribu kando ya ziwa, kwenye lami. Ilivuta karavani tupu kama mtoto anayevuta kigari cha mti. Nilipita mbele ya ofisi ya komini mara mbili zaidi ya ilivyohitajika, na mara ya pili nilipiga honi. Alhamisi asubuhi ndiyo ilikuwa safari. Nilienda mapema kununua petroli, na niliporudi Nengo nilikuta mlango wa karavani, ambao ulikuwa nyuma, uko wazi na wanawake wamepanga mstari. Kwetu mtu haingii nyumba mpya mikono mitupu, wala hamwachi mwenye nyumba aingie mikono mitupu. Spesiyoza alikuwa anahamia. Nyumba ilikuwa inahama naye. Kwa hiyo mtaa mzima ulikuja kuitaha, yaani kuizindua kwa zawadi, hapohapo uani kabla haijaondoka. Waliingiza maharage, mtama, sukari, madumu ya pombe ya ndizi, ndoo za maziwa yaliyoganda, jiwe la kusagia, sinia, na kiti cha seremala cha miguu mitatu. Kila mmoja alipanda ngazi, akaweka zawadi yake pale pale mlangoni, akasema maneno ya baraka, akashuka. Ndani tayari kulikuwa na masanduku mawili ya muuguzi, tangi limejaa maji na mitungi ya gesi.

Nilimwambia Mama Zuhura vitu vishuke. Alinitazama kama niliyemwambia avue nguo.

"Zawadi imeingia ndani ya nyumba ya mutu, we unataka kuitoa? Unataka huyu mama apande kule na bahati mbaya? Mi siko ndani ya iyo."

Ningeweza kukataa. Nilikuwa na elimu ya kukataa. Lakini majirani wote walikuwa wamesimama pale, na Kalisa alikuwa mlangoni na kikombe chake, na nilitaka waone kwamba mahesabu yangu yana nafasi ya ziada. Nilisema gari litaweza. Spesiyoza aliketi kando yangu na mkoba wa dawa mapajani, tukaondoka tukisindikizwa na makofi.

Kilima cha kwanza baada ya mji ndicho kilichonijibu. Barabara ilikuwa ya mawe ya volkano, meusi, yenye makali. Nusu ya mlima nilisikia harufu ya klachi. Kisha mgongo wa pikapu ukawa mwepesi kwa namna isiyo ya kawaida, na magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka bila kushika ardhi. Nilielewa mara moja, na kuelewa hakukunisaidia. Mzigo wote ulikuwa mkiani mwa karavani, kwa hiyo mbele yake ilikuwa inanyanyuka na kuinua mgongo wa pikapu. Breki nilizikanyaga kwa miguu yote miwili. Tulianza kurudi nyuma. Karavani ilikuwa inatuvuta, taratibu kwanza, kuelekea ukingo wa barabara, na chini ya ukingo kulikuwa na shamba la viazi na watu watatu wanaopalilia wakiwa wametugeuzia migongo.

"Simamisha," alisema Spesiyoza, bila kupaza sauti.

"Haisimami."

Alifungua mlango akaruka. Niliona kwenye kioo akiokota jiwe kubwa kama kichwa cha ng'ombe na kulitupa nyuma ya gurudumu la karavani, likaviringika. La pili pia. Wachukuzi wawili waliokuwa wakishuka na magunia ya makaa waliyatua wakamsaidia, na jiwe la nne lilishika. Karavani ilikaa imeinama, gurudumu moja likiwa nje ya barabara, likizunguka hewani. Wale watu shambani waliinua vichwa, ndipo wakaona kilichokuwa juu yao. Mmoja, mama mzee, alirudi kupalilia. Wenzake walibaki wamesimama wakiitazama.

Ilichukua mchana mzima kuirudisha Nengo, ikishikiliwa kwa kamba na wanaume kumi na wawili. Kalisa hakucheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alikunja suruali, akashika kamba pamoja nao, na jioni mezani alikula mpaka sambaza zikaisha. "Barua imeandikwa Jumamosi, Diplome," alisema mwishowe. "Mi siwezi kuibadilisha." Spesiyoza hakuja kula. Nilisikia kupitia dirisha langu akimwuliza Mama Zuhura basi la Kigali linasimama wapi.

Ijumaa nilikuwa wa kwanza mpakani. Sikulala na sitaki kusema zaidi ya hapo. Masumbuko alikuwa anakunywa chai kwenye kopo, akiwa ameegemea ile pikapu ndefu. Alikagua klachi ya nyekundu kwa kuinusa tu.

"Ile kubwa bado ipo?" nilimwuliza.

"Watu wawili wameiuliza. Nimewaambia iko na mwenyewe."

Sikuuliza mwenyewe ni nani. Nilimwambia nachukua kubwa, narudisha ndogo, na tofauti nitalipa kodi ya karavani ikianza kuingia. Aliniuliza nitaweka nini rehani. Sikuwa na shamba wala ng'ombe. Godoro lilikuwa la Mama Zuhura. Nilikuwa na bahasha ngumu ndani ya shati langu, niliyotembea nayo kila nilipovuka mpaka ili nisidharauliwe. Niliitoa. Masumbuko aliifungua, akaitazama diploma pande zote mbili, akaangalia muhuri kwenye mwanga.

"Iyi ni kitu kikubwa," alisema, na hakuwa anatania. "Nitaichunga."

Nimesaini mikataba mingi tangu siku ile, mingine ya magari ambayo wakati huo nisingethubutu hata kuyaegemea. Mkono wangu haujawahi kuwa mzito kama ulivyokuwa ukiachia karatasi ile. Yeye aliiweka juu ya friji lake bovu, akavaa kofia, akasema kesho alfajiri mpaka ukifunguliwa atakuwa upande wangu, kwa sababu kuendesha dizeli ile na kuiendesha ikiwa na nyumba nyuma ni kazi mbili.

Jumamosi alikuja akiendesha ile pikapu ndefu, kikaratasi chake cha kuvukia cha siku moja kikiwa mfukoni. Kitu cha kwanza alichofanya ni kumwendea Mama Zuhura na kumweleza, kwa heshima yote, kwamba sanduku la nyuma la pikapu ni ua wa ile nyumba.

"Kama vitu viko uani, viko nyumbani, ao sivyo, mama?"

Mama Zuhura alifikiri. Alizunguka pikapu, akaigusa. "Kama imefungwa pamoja na nyumba," alisema, "ni ua." Akawa wa kwanza kuhamisha dumu. Mzigo wa wanawake ukatoka mkiani mwa karavani ukaja kukaa juu ya magurudumu ya nyuma ya pikapu, mahali ambapo kitabu chochote cha mwaka wa kwanza kingeniambia niuweke. Masumbuko alibeba kila kitu mwenyewe, akikipima kwa mikono. "Magunia nne," alisema mwisho, kama mtu anayethibitisha jambo analolijua.

Kilima cha kwanza nilikipanda kwa gia ya kwanza, bila haraka, Masumbuko na Spesiyoza wakiwa kando yangu, ile dizeli ikinguruma. Mvua ilianza tulipofika juu, na baridi ya Bugeshi ikaingia kupitia mlango wa rangi tofauti. Kisha ukaja mteremko ambao sikuuwekea hesabu hata kidogo, mrefu, wa tope juu ya mawe, na mwishoni mwake kizuizi cha wanajeshi: mti mmoja umelazwa barabarani na vijana wanne wenye bunduki wamesimama mvuani. Nilihisi karavani ikitusukuma mgongoni.

"Usikanyage," alisema Masumbuko. "Acha moteri ishike. Unaona, watu wote wanauliza kama gari inavuta. Hakuna anayeuliza kama itasimama."

Tulishuka. Mwanajeshi mmoja aliinua mkono, kisha akauinua tena, kisha akaishika bunduki kwa mikono miwili. Niligusa breki kwa kidole cha mguu, nikaachia, nikagusa tena. Springi zilikaa. Tulisimama hatua mbili kabla ya mti, na karavani ikasimama nyuma yetu, wima. Hapo nilijua kwamba ile nyekundu ingepita na mti, na vijana wale wangefanya waliyofundishwa kufanya.

Mwanajeshi alizunguka gari, akachungulia dirisha lenye pazia, akarudi kuomba karatasi. Ya Masumbuko ilimruhusu kufika mjini Gisenyi tu, na tulikuwa mbali na mji. Aliisoma muda mrefu. Saa yangu ilisema saa tano na nusu. Spesiyoza alishuka akiwa na koti lake jeupe, mvua ikimnyeshea, akasimama kati yao.

"Huyu ndiye fundi wa maternité," alisema kwa Kinyarwanda. "Bila yeye, dada yako akitaka kuzaa leo atazalia hapa mbele yako. Utamshika wewe?"

Kijana yule alimtazama, akatazama viatu vyake, akainua mti.

Tulifika zikiwa zimebaki dakika kumi. Kalisa alikuwa ametangulia kwa pikipiki ya komini, amesimama chini ya paa la kituo na saa mkononi. Aliitazama saa, akaitazama karavani, akairudisha saa mfukoni. Kabla sijaweka jeki, mama mmoja mjamzito alikuwa tayari ameketi kwenye ngazi ya mlango, akishika kiuno, kama mtu aliyefika kwake. Masumbuko alishuka mjini kwa miguu na lifti ili awahi mpaka, na alikataa nauli.

Nililipa kila mtu kabla ya mwaka kwisha. Nilifanya yote kwa siku moja, makusudi, nikiwa nimevaa tai. Mama Zuhura alikataa kupokea bahasha mpaka nimalize sambaza, kisha akaiingiza kifuani bila kuifungua na kunionyesha duka la magodoro. Kalisa nilimlipa ofisini kwake, mbele ya wenzake, na nikamwambia sasa akitaka kucheka acheke bure. Alicheka, na akanisindikiza mpaka Petite Barrière, amenishika mkono njia nzima.

Diploma yangu ilikuwa imetundikwa kwenye ukuta wa gereji, katikati kabisa, imefunikwa plastiki safi kuliko kitu kingine chochote pale. Masumbuko alipokea fedha akazitia mfukoni, akasema wateja watasikitika, maana amewazoesha kuamini ni ya kwake. Kisha akajifuta mikono mara mbili na kuishusha. Nyuma yake, kwenye ukuta, kulikuwa na maandishi ya chaki ambayo plastiki ile ilikuwa imeyakinga miezi yote, ya ile siku niliyoondoka na pikapu nyekundu. Aliona kwamba nimeyaona. Alijifanya anatafuta spana.

Karavani, 9. Maji na gazi, 2. Vitu ya munganga, 2. Zawadi ya wamama, 4. Kichwa ya Diplome, 1. Chini yake mstari, na chini ya mstari: 18. Gari kubwa. Usiuze, atarudi.

Nilisimama pale na diploma yangu mkononi, nikajumlisha upya kimyakimya, kutoka juu hadi chini na kutoka chini hadi juu, nikitafuta alipokosea. Hakukosea.